Maneno ya Kutumwa

Watu waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji miaka ile ya vita waliijua sauti ya Deolinda kabla hawajalijua jina lake. Ndiye aliyesimama kando ya daktari katika hospitali moja ya Mtwara. Daktari, mtu wa Bukoba, alisema Kiswahili, na Deolinda akakigeuza kuwa Kimakua au Kireno. Yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo, akasomeshwa na masista, akavuka akiwa bado kijana. Machoni pa watu alikuwa amepata: gauni jeupe, viatu miguuni, kazi ya kivulini.

Lakini mgonjwa akipona hakuhitaji mkalimani. Daktari alimpiga bega, wakacheka, mtu akaenda zake. Deolinda aliitwa pale ilipobidi kusema kwamba mguu utakatwa, au kwamba mume hataamka tena. Na aliyeambiwa hakumtazama daktari. Alimtazama yeye.

Taratibu wakaanza kumkwepa. Gaspari, aliyekatwa mguu, akimwona sokoni aligeuza magongo yake akapitia upande wa wauza samaki. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi hata Krismasi. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kanga ili mkalimani asimwone. Deolinda aliishi peke yake. Mumewe alikwenda vitani na habari zake zikakatika. Deolinda akirudi nyumbani jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, akala, akaosha sahani, kisha akagundua kwamba tangu asubuhi hajasema neno lililo lake.

Aliyebaki kumzoea ni Bi Mwasiti wa Mikindani, mwenye majaruba ya chumvi kando ya mikoko. Walijuana mama huyo alipokuja kutibiwa kidonda cha kisigino.

"Unakonda, mwanangu," Bi Mwasiti alimwambia siku moja.

"Ni kazi tu, Bi Mwasiti."

"Kazi gani inamla mtu namna hiyo? Njoo kwangu. Chumvi haisemi, wala haisemewi."

Deolinda alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Nani aliyewahi kuacha mshahara wa kila mwezi akaparue chumvi juani? Na wagonjwa je, nani angewasemea? Asubuhi aliamka ameamua kuacha, na jioni alikuwa ameamua kubaki. Likizo yake ilipofika, akafunga kanga mbili akaenda Mikindani kujaribu.

Kazi ilikuwa ngumu. Maji ya bahari yaliingizwa majarubani, jua likayanywa, na kilichobaki kikakusanywa kwa reki. Chumvi ilimchoma kila palipochubuka. Hata hivyo alilala usingizi mzito, na mikono yake ilipouma alijua inauma kwa jambo lake mwenyewe.

Kabla likizo haijaisha, mwanamke mmoja alikuja akipita juu ya tuta, viatu mkononi. Deolinda alimtambua akiwa bado mbali. Alikuwa Amelia, mkimbizi aliyefiwa na mwanawe Domingo kwa surua. Siku ile Deolinda alisema yale ya daktari, na Amelia akatoka wodini mbio asisikilize zaidi.

"Nimekutafuta hospitalini," Amelia alisema kwa Kimakua, bila salamu. "Wakaniambia uko huku. Nataka kukuuliza. Nilikwenda bombani kufua nguo zake, niliporudi amekwisha kufa. Nani alikuwa naye?"

Deolinda aliegemea reki. "Mimi. Daktari aliniita nimuulize anaumwa wapi."

"Akasema nini?"

"Hakujibu swali. Aliuliza mama yuko wapi. Nikamwambia mama anafua, anakuja. Akanishika kidole. Basi."

Amelia alimkazia macho. "Mbona hukuniambia?"

"Sikutumwa hilo," Deolinda alijibu.

Jibu lilitoka lenyewe, kama linavyotoka jina la mtu akiulizwa. Akalisikia, akataka kulirudisha, lakini lilikuwa limekwisha kufika. Mwanamke huyu alikuwa amelala na swali lile tangu mvua za mwaka jana, na jibu lilikuwa hapa muda wote, kinywani mwa mtu aliyekuwa akimsubiri daktari amwambie aseme.

"Nisamehe, dada," alisema.

Amelia hakusema kama amesamehe. Alikaa chini kwenye tuta, akajifunika kanga, akalia kwa sauti. Deolinda alikaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, naye alilia, na Bi Mwasiti aliyekuwa upande wa pili akawaacha.

Amelia alipoondoka hakuaga. Deolinda alimtazama mpaka mikoko ikamficha.

Likizo ilipokwisha alikwenda kwa daktari, akabaki amesimama.

"Nataka kuacha kazi, Daktari."

Daktari alivua miwani. "Nimekukosea?"

"Hapana. Umenitendea vizuri. Ila nimekuwa mtu wa kusema ninalotumwa tu, na sikujua."

"Pumzika zaidi kidogo. Watu hawa wanakuhitaji, Deolinda."

"Najua wananihitaji," alisema. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. "Nitangoja mpaka upate mwingine."

Akapatikana Ussene, mtu wa Kitaya kando ya Ruvuma, mpole, mwenye Kimakua kizuri. Deolinda alimzungusha wodini, akamwonyesha dawa zinapokaa na daktari anapopenda mtu asimame. Walipofika mlangoni pa wodi ya watoto akamwambia, "Ukimaliza ya daktari, usiondoke haraka. Kaa nao." Ussene aliitikia kwa kichwa. Kama alielewa, Deolinda hakujua.

Akahamia Mikindani, chumba cha uani kwa Bi Mwasiti. Mapato yalipungua na ngozi ikababuka. Wanawake wa pale walimsalimu vizuri, lakini walikuwa na ndugu zao na ngoma zao, naye alikuwa mgeni mwenye lafudhi ya ng'ambo. Siku nyingine aliwaza wodi, akajiuliza nani amefika leo na nani amemwambia nini. Upweke haukumtoka. Alikuwa nao majarubani kama alivyokuwa nao mjini, ila sasa hakuna aliyegeuka njia akimwona, na alasiri, Bi Mwasiti alipomwuliza ameshindaje, alifikiri kidogo, kisha akamjibu kwa maneno yaliyo yake.