Leseni ya Mdogo Mtu

Majirani walimwita Klorini, maana harufu ya dawa ya maji haikumtoka hata aoge mara tatu. Alikuwa amesafisha mabwawa ya kuogelea ya majumbani kwa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa kike kazi yote alijifunza kwake: kupima maji, kuosha chujio, kujua pampu inayougua kwa mlio tu.

Kisha ikaja sheria kwamba asiye na leseni asiguse bwawa la mtu. Wakafanya mtihani siku moja. Mdogo akafaulu. Klorini, aliyeyajua maji kwa pua na vidole lakini si kwa hesabu za kwenye karatasi, akafeli kwa alama mbili.

"Usijali, Dada," mdogo alimwambia. "Leseni ikitoka utafanya kazi chini yangu mpaka urudie mtihani."

Chini yangu! Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipika nalo, akalala nalo. Wateja nao wakaanza kumpigia simu mdogo mtu, eti "Fundi, unakuja lini?" Fundi gani, na juzi tu alikuwa mbeba ndoo?

Lilibaki sharti moja: aliyemfundisha mwombaji athibitishe kwamba mwombaji huyo amefanya kazi naye angalau miaka minne. Karani wa leseni akampigia Klorini.

"Umefanya naye kazi muda gani?"

Ilikuwa miaka sita.

"Mwaka mmoja," Klorini alijibu. "Tena alikuja siku akijisikia."

Ombi likakataliwa. Mdogo alifika jikoni kwa Klorini na barua mkononi, macho mekundu.

"Dada, wanasema sina uzoefu. Watakuwa wamechanganya mafaili. Twende wote, wakikuona wewe wataamini."

Klorini alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa kuaminiwa. Aliitazama mikono iliyoshika barua. Ilikuwa imepasukapasuka kwa dawa, sawasawa na yake.

"Ni mimi niliyesema," akatamka. "Wivu, mdogo wangu. Wivu tu."

Mdogo aliikunja barua, akaondoka, chai aliyomiminiwa akaiacha inapoa.

Kesho yake Klorini alikwenda ofisini peke yake, akaandika kwa mkono wake kwamba alidanganya.

"Mama, unajua hili ni kosa?" karani aliuliza.

"Najua. Andika adhabu yako."

Akafungiwa mtihani mwaka mzima. Leseni ya mdogo ikatoka.

Miezi miwili ilipita kimya. Halafu simu ikaita. "Kuna bwawa limegeuka kijani, nimelihangaikia siku tatu," mdogo alisema, bila hata salamu. "Njoo."

Klorini alikwenda. Alifungua chujio, akatia mkono, akanusa. Wivu ulikuwa bado upo, hakujidanganya. Lakini mdogo wake alipouliza shida iko wapi, alimwonyesha yote, hakumficha hata moja.