Soksi Kwenye Ncha ya Uzi

Mtaani walimwita Bi Pindo, maana hakuna nguo iliyotoka kwenye cherehani yake ikiwa na pindo la kwenda upande. Macho yake mazima, vidole vizima, kiuno kikinung'unika kama viuno vya wenzake wa umri huo. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakimuaga pole pole, na yeye hakumwambia mtu.

Alipoachiwa mjukuu wa kulea, kitoto cha kike cha kutambaa alichokipa mwenyewe jina la Kifungo, Bi Pindo alijua fika kwamba kikilia hatakisikia. Akabuni la kifundi. Alichukua uzi mnene wa kushonea suruali, ncha moja akaifunga kwenye soksi ya mtoto, ncha nyingine kwenye kifundo cha mkono wake. Mtoto akirusha miguu, uzi unavuta, bibi anageuka. Binti yake, anayefanya kazi kiwanda cha biskuti, akikaa nyumbani siku ya mapumziko anastaajabu. "Mama, una masikio ya paka wewe!" Bi Pindo anacheka, huku akiuficha uzi chini ya kitambaa.

Siku ya siku binti aliwahi kutoka kazini. Akamkuta mwanawe amelia hadi sauti imekauka, uzi umekwama kwenye mguu wa meza, na mama amewapa mgongo, anashona na kuimba.

"Mama! Umemfunga mtoto kama mbuzi?"

"Nini?"

"Nasema umemfunga kama mbuzi!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

Binti hakujua acheke au alie. Akalia. Alipomaliza, alimshika mama yake mabega, akamtazama usoni ili maneno yafike. "Simtaki mlezi mwingine, nakutaka wewe. Lakini awe na mtu anayemsikia. Ama uvae mashine za masikio, ama Kifungo anakwenda kituo cha watoto."

Bi Pindo akaanza kuufungua uzi kwenye kifundo chake. Tangu mzee wake alipofariki, nyumba ile ilikuwa kama kabati tupu, na kilichoijaza ni kale katoto.

Mtaalamu wa masikio alikuwa kijana mwenye koti jeupe na ndevu za kuhesabika. Alimpima, kisha akamwekea mashine juu ya meza. Bi Pindo aliidonoa ile ndogo kuliko zote.

"Hii ya kuzama ndani. Watu wasione."

"Hiyo haitakutosha, bibi. Masikio yako yanataka yenye nguvu, hii ya kukaa nyuma ya sikio."

"Hii? Kama kunguni aliyeshiba!"

"Halafu betri ya ile ni ndogo mno, vidole vyako..."

"Vidole vyangu vinatunga sindano wewe bado unatafuta miwani, mwanangu."

Wakacheka wote. Lakini Bi Pindo alimtupia binti yake jicho, akaona anavyomkumbatia mtoto, akachukua zile kubwa, mbili, sikio kwa sikio.

Kijana alimvalisha moja. Ya pili akaifumbata kiganjani, na papo hapo ukatoka mluzi mwembamba, wa kuchoma. Bi Pindo aliruka kitini.

"Imekasirika?"

"Inajisikia yenyewe, bibi. Ukiifumbata imewashwa, sauti inazunguka na kurudi, ndiyo inapiga mluzi. Ukiiachia inanyamaza." Kisha akaacha kutabasamu. "Na betri hizi mtoto asizipate. Akimeza usingoje hata kidogo, kimbia hospitali. Zinaunguza koo kwa ndani."

Neno hilo lilimkaa Bi Pindo kama mwiba wa samaki. Aliyosema kijana baada ya hapo, kwamba aanze kidogo kidogo, kwenye chumba kimya, mashine zivuliwe akichoka, hayakuingia hata moja.

Asubuhi ya kwanza ya kubaki peke yake na mjukuu, alizivaa zote mbili, akapiga moyo konde. Kumbe miaka yote dunia ilikuwa imefungwa kwenye pamba, na sasa mtu ameichana. Maji ya bomba yalianguka kama kokoto. Mfuko wa plastiki ulimpasukia sikioni. Jikoni mtu aliguna. Bi Pindo alishika mkasi wake mkubwa, akanyata ukutani, kijasho chembamba kikimtoka. "Nani?" Akaguna tena. Lilikuwa jokofu. Alipogeuka akasikia hatua nyuma yake. Akisimama zinasimama, akienda zinaenda. Alizunguka mara mbili na mkasi mkononi ndipo akaangalia chini, akaona ndala zake.

Hapo ndipo hofu ilipokaa kitako. Katika makelele yote hayo, ipi sauti ya mtoto? Mtoto akiguna, jokofu linaguna. Mtoto akigugumia, bomba linagugumia. Bi Pindo aliona amekuwa kiziwi wa namna ya pili. Akaifungua droo ya meza, akautoa ule uzi. Akaufunga kama zamani, kwenye soksi, na moyo wake ukatulia kidogo.

Akakaa kwenye cherehani. Cherehani hii alikuwa akiipenda kwa upole wake. Leo iligonga kama mvua ya mawe juu ya bati, kelele zote upande wa kulia. Akaivua mashine ya sikio la kulia, akaiweka karibu na mto wa pini. "Nimalize pindo hili tu," akajiambia.

Alipomaliza pindo aliuvuta uzi kidogo, kwa mazoea. Ukaja mwepesi. Ukaja wote. Kwenye ncha yake ilikuwapo soksi, peke yake.

Akageuka nyuma. Mkeka wa mtoto mtupu. Akatazama juu ya meza: mto wa pini upo, mashine haipo. Hakuwa na habari kwamba Kifungo ameshajua kujishika mezani na kusimama.

"Kifungo! Kifungo wa bibi!" Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Akainama chini ya meza, akatupa vitambaa huku na huku, na kichwani neno moja tu: koo, koo.

Ndipo akausikia. Mluzi, mwembamba, wa kuchoma. Alidhani ni mashine iliyobaki sikioni, akaibonyeza, mluzi ukaendelea. Kwa sikio moja hakuweza kujua unatoka wapi. Akapiga hatua kwenda mlangoni, ukafifia. Akarudi, ukakua. Akaufuata hivyo hivyo, mbele na nyuma, hadi kwenye pazia la kona wanapojipimia wateja. Akalifungua.

Kifungo alikuwa amekaa, mguu mmoja mtupu, mashavu yamejaa, anatafuna.

Bi Pindo alimtia kidole mdomoni. Kikatoka kipande cha kitambaa. Akapapasa tena, ulimi, fizi, hamna kitu. Mluzi bado. Akakishika kile kingumi cha kuume, akakikunjua kidole baada ya kidole, na mashine ikadondoka imelowa mate, kimlango chake kimefungwa. Kimya.

Ndipo alipoelewa, akaketi sakafuni kama gunia. Kama imelia, basi betri imo. Mtoto naye, kunyang'anywa kichezeo chake, akapaza kilio. Kilimpiga Bi Pindo kama ubao. Hakuwahi kukisikia chote, na mikwaruzo yake na kwikwi zake. "Lia, mama, lia," akasema, akimpakata.

Mchana mzima aliogopa jingine. Akisema, mtoto anakwenda kituoni. Asiposema, nani atajua? Kifungo hana maneno. Jioni aliusikia ufunguo mlangoni kabla mlango haujafunguka, na bado hajaamua.

"Kitendawili," akasema.

Binti alisimama na mkoba begani. Miaka mama yake hajatega, kwa kuogopa kutosikia majibu. "Tega."

"Nina mtoto, nikimfumbata analia, nikimwachia ananyamaza."

Binti alikisia paka, akakisia filimbi. "Basi, nakupa mji."

"Sitaki mji leo. Kaa chini." Na Bi Pindo akamweleza yote, kuanzia uzi.

Binti alimnyakua mtoto, akamchungulia kinywani hadi mwisho. Kisha akakaa. Jokofu liliguna, Bi Pindo akashtuka, lakini hakupeleka mkono sikioni.

"Kwa nini uliivua, Mama?"

"Niliogopa."

Neno hilo binti hakuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa kile. Akamweka mtoto mapajani. "Uzi uko wapi?"

Bi Pindo akaunyoosha, akijua unakwenda kutupwa. Binti akaukata vipande viwili. Akafunga kimoja kwenye mashine hii, kingine kwenye ile, na ncha zake akazibana kwa pini ya nepi nyuma ya kola ya mama yake.

"Sasa zikitoka hazifiki mezani. Kesho nitabadilishana zamu, utakaa naye nusu siku. Keshokutwa nusu tena. Mpaka ulizoee hilo jokofu."

Bi Pindo alijipapasa shingoni, akaukuta uzi, akaukuta na pini.

"Haya," akasema. "Nani kafungwa kama mbuzi?"