Maji Hayajaiva

"Mama Koki, lete huo mpini!" msimamizi wa mabwawa anapaza sauti toka mbali.

Mama Koki kaufunga mpini wa chuma kiunoni kwa khanga, fundo juu ya fundo, utadhani kabeba mtoto. Bila huo mpini koki kubwa haifunguki, hata uite jeshi. Na koki ikifunguka tu, maji machafu ya mji mzima yanateremka ziwani.

Mvua imepiga tangu alfajiri, haijapumua. Bwawa la mwisho la majitaka, lile ambalo maji hulazwa yakapikwa na jua mpaka yatakate, limejaa pomoni. Yanalamba ukingo.

Msimamizi anakuja mbio, buti moja limebaki kwenye tope. Huyu ndiye aliyemwoa dada yake Mama Koki, kwa hiyo hata kugombana kwao kuna adabu.

"Shemeji, fungua. Nakuomba."

"Kipimo cha uchafu leo kinasemaje?"

"Kimezidi kiwango. Lakini kidogo tu!"

"Basi hayajaiva. Wewe ukipewa nyama mbichi kidogo tu, unakula?"

"Usinichekeshe! Ukingo ukizidiwa maji yanashuka wapi? Si ziwani, kwenye nyumba za wafanyakazi! Na ya kwanza ni ya nani?"

Ya kwanza ni ya Mama Koki. Vyumba viwili, kabati lililopinda mgongo, kitanda alichokichonga marehemu mumewe. Anageuka kutazama ziwa. Kule chini akina mama wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani, wanachota maji ya kunywa, mvua kwao si kitu. Hawajui lolote.

Halafu anaanza kutembea, na koki anaipa mgongo.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kuinua kitanda. Nyumba nitaipiga deki. Ziwa nitalipiga deki na nini, shemeji?"

Mara msimamizi huyo, anamfuata, mguu mmoja buti, mguu mmoja pekupeku. "Mkaidi kama dada yake! Mimi nimeoa ukoo wa mawe!"

"Shika kitanda huko miguuni, bwana, acha hotuba."

Kitanda kinapanda juu ya meza. Kila akiinama, mpini unamgonga paja, hataki kuufungua. Maji yanafika kizingitini, yanasita kama mgeni anayesubiri kuambiwa karibu, kisha yanaingia. Yanamzunguka vifundo vya miguu.

Dirishani, mbali, mwanamke mmoja anachota kiganja cha maji, anakunywa, ndipo anajitwisha ndoo yake.