Mayai ya Garov

Mke wangu Stamenka alifariki mwezi wa Oktoba, na ujuzi wote wa kupika uliokuwamo nyumbani akaondoka nao. Mimi nina miaka sitini na nane. Najua kupogoa mizabibu, kutengeneza pipa na kumzalisha ng'ombe, lakini yai sikuwahi kupika hata moja. Kijijini kwetu, wakati wa ujana wangu, mwanamume aliyeonekana na mwiko alikuwa mpishi wa jeshi au ana walakini kichwani.

Januari binti yangu Jagoda alikuja kunitazama kutoka mji wa Novi Sad. Alifungua friji akakuta mkate, kabichi ya kuchachua na nusu chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Akaifunga taratibu. Heri angeibamiza.

"Baba, umekonda."

"Koti ndilo kubwa."

"Nisikilize. Nakununulia maikrowevu. Siku ya Pasaka nakuja kula chakula ulichopika wewe mwenyewe. Ukiweza, kaa hapa na kuku wako, sitakusumbua tena. Ukishindwa, unafunga virago tunaondoka wote. Chumba kipo tayari."

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya tano. Nimewahi kulala huko siku mbili, nikashinda dirishani natazama maegesho ya magari. Siku ya tatu nilikuwa nayajua magari yote kwa rangi zake. Nilimpenda binti yangu, lakini kufia juu ya maegesho sikutaka.

Maikrowevu ilipofika niliiacha kwenye boksi, kwa kiburi tu, hadi zikabaki siku tatu mfungo wa Pasaka uanze. Ndipo nikaitoa, nikaweka yai zima ndani, nikabonyeza dakika mbili. Sitaki kusema mengi. Mlango ulifunguka wenyewe kwa kishindo, kiini kikagonga dari, na Garov, mbwa wangu ambaye hajawahi kumwogopa hata nguruwe pori, akaingia chini ya kitanda. Jirani yangu Dobrila akaja mbio na ufagio mkononi.

"We Radisav! Umefyatua bunduki ndani ya nyumba?"

"Napika."

"Unapika au unapigana vita? Yai haliingii humo na ganda lake, mtu mzima wewe! Mvuke utatokea wapi? Lete kikombe."

Alinionyesha mara moja tu, huku akicheka hadi anashika mbavu. Mayai mawili unayavunjia kikombeni, kijiko cha maziwa, kipande cha siagi, chumvi kidogo, unakoroga kwa uma mpaka mkono ulalamike. Sekunde arobaini, unatoa, unakoroga. Sekunde arobaini tena, unatoa, unayaacha yapumue, maana yanaendelea kuiva hata nje.

"Na usizidishe," akaniambia. "Ukizidisha unatafuna soli ya kiatu."

Basi nikawa na miezi karibu miwili ya mazoezi, na yote ilikuwa mfungo. Siku arobaini na nane bila nyama, bila maziwa, bila yai. Stamenka hakuwahi kuukosa mfungo hata mwaka mmoja, na mimi nilifunga kwa sababu yeye alifunga. Mwaka wa kwanza bila yeye nisingethubutu kuuvunja. Dobrila naye alikuwa amefunga. Kuku peke yao ndio hawajui mfungo. Majira ya machipuko yalipoingia walitaga kama wamelipwa.

Kwa hiyo kila asubuhi nilipika kikombe kimoja cha mayai nisichoweza kukionja, nikamwekea Garov. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Wiki ya kwanza yalitoka magumu, akayala. Wiki ya pili yalitoka majimaji, akayala. Wiki ya nne yakaanza kuumuka na kutulia laini na ya manjano, akalamba kikombe hadi akakisukuma ukutani. Nilijiona bingwa.

"Huyo mbwa ananenepa," Dobrila alinitania juu ya ua. "Ukienda mjini, mwache hapa, tutamfanya soseji."

"Siendi mjini."

"Tutaona Jumapili ya Pasaka."

Usiku wa Jumamosi sikupata usingizi mzuri. Jumapili Jagoda alifika nikiwa natoka kanisani. Tukasalimiana inavyopasa, "Kristo amefufuka," "Hakika amefufuka," kisha tukaketi na kugonganisha mayai mekundu ambayo Dobrila alitupakia rangi. Langu lilipasuka kwanza, na kwa desturi yetu linalopasuka ndilo lililoshindwa. Nilijifanya sijali.

"Haya, baba," Jagoda akasema. "Mtihani."

Nikapika. Sekunde zilikuwa kichwani. Arobaini, koroga, arobaini, pumzisha. Nikamwekea mbele kikombe cha bluu. Yalikuwa mazuri kuyatazama. Akachukua uma, akatia mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena.

"Baba, umeweka chumvi?"

Nilihisi ghorofa ya tano ikinishukia kichwani. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Mbwa hapewi chumvi."

Akanitazama. Ikabidi nimweleze yote: kuku, mfungo, kikombe cha kila asubuhi, Garov na ukuta. Nilipofika kwenye kunenepa kwake, Jagoda aliweka uma chini akacheka. Alicheka kama alivyokuwa akicheka utotoni, ameishika meza, na sikuwa nimemsikia hivyo tangu tulipomzika mama yake. Kisha nikaona kwamba analia.

"Yameiva vizuri," akasema. "Umefaulu. Kaa kwako."

"Sasa unalia nini, mwanangu?"

"Njia nzima nimeomba ushindwe."

Akajifuta kwa kitambaa cha meza, kitambaa cha Stamenka, na sikumkemea.

"Mimi nayapika hayo hayo, baba. Kila jioni nikitoka kazini. Kikombe kimoja, sekunde arobaini mara mbili. Nakula nimesimama, palepale mbele ya maikrowevu, halafu naosha kikombe. Nani nimwandalie meza?"

Miezi yote ile nilidhani chumba kile ni cha kunihurumia mimi. Niliona aibu, nikashukuru kwamba kulikuwa na kazi ya kufanya. Nikavunja mayai mengine manne, vikombe viwili, chumvi juu ya vyote. Jagoda akainuka kuja kusimama karibu nami.

"Keti," nikamwambia. "Kwangu hakuna anayekula amesimama."

Akaketi. Tukala. Chumvi ilizidi kidogo, na hakuna aliyesema. Kikombe cha kwanza tulimpa Garov, naye hakukiona na kasoro yoyote.

Ijumaa iliyofuata nilimwachia Dobrila kuku na mbwa kwa siku tatu, nikapanda basi la Novi Sad na mayai ishirini nimeyafunga kwa magazeti mapajani. Jagoda alinifungulia mlango akiwa bado na koti la kazi. Mezani alikuwa ametandika kitambaa, na ameweka viti viwili.