Peruki ya Mama Angèle

Huku kwetu mtaani Mangobo, mwanaume akisuka wanawake hupewa majina mengi kuliko mtoto wa ubatizo. Nephtali aliyapokea yote akicheka. Alijifunza kusuka wakati wa vita, alipojifungia chumbani na dada zake, mabomu yakipita juu ya bati. Kadiri milio ilivyozidi ndivyo naye alivyozidi kusuka. Vita vilipotulia, mji ulikuwa umebomoka, na dada zake wakatoka nje wamependeza kama wanaenda harusini.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Angèle, muuza samaki wa pale kwenye maporomoko ya mto. Wanaume walipomuuliza sokoni kama haoni haya kumkabidhi kijana yule kichwa chake, aliwajibu, "Nephtali iko mwanaume sawa na baba yake. Ninyi mikono yenu inafanyaka kazi gani?" Siku hizi vijana wanaosuka wamejaa sokoni na hakuna anayegeuka kuwashangaa, lakini njia ile ilifyekwa na mdomo wa mama yule.

Alipougua, Mama Angèle alimwagiza Nephtali jambo moja. "Sitaki banizike na peruki, nywele ya bandia. Utanisuka weye."

"Ndiyo, Mama."

Mwili wake uliporudi kutoka morgue ya hospitali, wanawake wa familia waliulaza chumbani ili waupambe. Nephtali akaja na kitana chake na nyuzi nyeusi. Florentine, mdogo wa marehemu, akaziba mlango. Si mwanamke mbaya. Amezoea tu utani hata penye msiba, kama sisi wote.

"Unaenda wapi, papa?"

"Kumusuka. Aliniomba."

"Humu iko ya bamama."

"Ku morgue wanaume ndio walimuosha, Mama Florentine."

"Bale iko kazi yao."

"Na hii iko kazi yangu."

"Bon. Sema mbele ya batu: miye niko mwanamuke. Utapita."

Watu wa matanga wakageuka. Waliokuwa wakicheza dama wakaacha. Kicheko kikapita uani, kile cha watu waliochoka kulia.

Nephtali angeweza kusema. Miaka yote alikuwa ameitwa hivyo, bila kuombwa ruhusa. Lakini Mama Angèle alikuwa amelikana neno lile mbele ya soko zima, na kulitamka sasa, yeye amelala nyuma ya ukuta ule, ilikuwa ni kumfanya mwongo.

"Niko mwanaume," alisema.

"Alors, enda kukaa na wanaume."

Wakampa kiti cha plastiki, akakaa. Jeneza lilipotolewa kuagwa, Mama Angèle alikuwa na peruki nyekundu, imemkaa upande kama kofia ya chifu mlevi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Matanga yalipokwisha, Florentine alikuja kusukwa. Nusu ya kichwa ilipofumuliwa, akaanza:

"Ilikuwa maneno tu, Nephtali. Ungesema, tungecheka, ungepita."

"Najua."

"Donc ulikatala juu ya nini?"

"Nilifikiri ninamuheshimu."

"Alikuomba heshima?"

Nephtali alifumua msuko mwingine.

"Hapana. Aliomba nimusuke."

Florentine akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na miye ningeweza kukuacha upite bila kusema kitu," alisema. "Mulango ulikuwa wangu."

Nephtali alimwomba ainamishe kichwa, akaanza kumsuka kutoka kisogoni.