Sema Ndiyo Ukihisi

...ukihisi sema ndiyo, usipohisi nyamaza, ndivyo alivyosema muuguzi, macho nimeyafumba, mguu wa kushoto uko mapajani mwake, nami ninyamaze vipi, mimi ninayeitwa Bi Hapana chuo kizima kwa sababu hakuna hoja niliyowahi kuiachia ipite, uzi wenyewe wa kunigusia niliuona kabla sijafumba, wa nailoni, mgumu kama unywele wa mswaki, mwezi uliopita ganzi iliishia vidoleni na leo anapima kama imepanda, "Ndiyo," hapo ni kisigino, kalamu imekwaruza mara moja, hiyo ni alama ya vema, ikikwaruza mara mbili ni mkasi, alama ya kukosa, masikio yangu hayajafa ganzi, namsikia hata mama nje ya mlango akikohoa kile kikohozi chake cha kumezea kilio, tangu siku ile ya pini anakohoa hivyo, pini ya ubao wa matangazo, niliidondosha mwenyewe nikibandika tangazo la mdahalo, ikaingia kiatuni, nikasimama juu yake mdahaloni saa tatu nzima nikiwaambia watu adhabu ya kaburi aijuaye maiti, makofi, kikombe, na maiti mwenyewe hana habari, jioni soksi imegandia damu, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mama alifoka, hofu yake ilikuwa imevaa hasira, na yule daktari wa zahanati ya chuo hata kuinama hakuinama, "Binti mbichi kama wewe, miguu ya sukari ni ya wazee, meza hizi za maumivu," maumivu gani, mheshimiwa, ningekuwa na maumivu ningekaa siku nne ndipo nije, nina sukari tangu darasa la nne, ugonjwa gani unaodai cheti cha kuzaliwa, hoja tano nilikuwa nazo na sikutoa hata moja, nilisema asante nikapokea vidonge, Bi Hapana, asante... ni huyu, muuguzi wa miguu, wagonjwa wanamwita Mama Visigino, aliyevuta kigoda akakaa chini yangu, akaushika mguu unaonuka kwa mikono miwili, hakugeuza uso, akasema, "Pole, mwanangu," pole ile ile niliyoambiwa sistahili, na kila Jumanne akaikwangua nyama iliyokufa hadi kidonda kikaanza kufunga, nimetafuta neno la kumshukuru nimekosa, mimi, nikakosa neno, mbona kimya, anagusa au hagusi, kwaru-kwaru, mkasi, hapo labda ni kidole gumba, hicho tulikijua, kwaru-kwaru, na hapo je, ni wapi hapo, bibi naye walianza kumkata kidole, kisha unyayo, kisha goti, akawa anatuchekesha kitandani, "Mguu umetangulia, mimi nipo nyuma yake," tukacheka, mwaka haukuisha akaufuata, hapana, si mimi, mwendo wake huyu nimeshaujua, anavuta pumzi, anagusa, anavuta pumzi, anagusa, nikihesabu vizuri ushindi ni wangu, anavuta pumzi, haya, "Ndiyo!" na kiti chake kimelia kidogo, "Sijagusa, mwanangu," sauti haina hata ukali, "hapa hakuna majaji," uso umeniwaka, sijagusa, sijagusa, kumbe ndivyo walivyofanya wote, daktari alisema ndiyo kabla hajagusa, mama anasema utapona mwanangu kabla hajagusa, na mimi niliyewapigia kelele moyoni ndiye bingwa wao, huyu peke yake ndiye aliyegusa kwanza, na ningemdanganya angeniaga kwa furaha, nikaenda zangu na mguu unaotangulia bila kuniaga, "Endelea, mama, sitabahatisha tena," nasikia anavuta pumzi, asante yangu kwake ni hii basi, sina nyingine, kunyamaza pale nisipohisi, huko nje mama anakohoa, macho nimeyafumba, uzi uko mahali fulani juu ya mguu wangu, sijui wapi, kwaru-kwaru, nanyamaza, kwaru-kwaru, ulimi umejaa ndiyo hadi kwenye meno, nanyamaza, kwaru-kwaru...