Pasi Isiyofika kwa Dorli

Mume wangu Köbi aliianza likizo yetu ya Septemba mwezi wa Januari, kwenye meza ya jikoni, kavaa sweta mbili kwa sababu hapendi kuwasha mtambo wa joto kabla ya mchana. Likizo yenyewe haikuwa na ugumu wowote. Tunatoka kwetu Langenthal, hapa Uswisi, tunapanda milimani Oberland, tunakaa wiki moja kwenye chumba cha mama mmoja mjane mwenye magodoro mazuri, tunarudi. Ugumu ulikuwa nauli. Sisi sote wawili tuna kadi ya nusu nauli, kama kila mtu mwenye akili zake. Sasa, mwenye nusu nauli akinunua tena na pasi ya jimbo, ile ya kupanda treni na meli na magari ya waya yanayoning'inia angani bila kutoa hata senti, anapata faida, au anawapelekea watu wa reli zawadi?

Hilo ndilo lililomkosesha Köbi usingizi hadi Pasaka ikapita. Ikifika jioni anaondoa chupa zangu za jemu mezani, anatandaza ramani, ananoa penseli.

Mimi sikuhitaji jibu. Nilitaka kitu kimoja tu: kukaa na dada yangu Dorli huko juu kabla hajashuka. Dorli amechunga ng'ombe na kupika jibini kwenye malisho ya Hinterboden kila kiangazi tangu akiwa msichana wa misuko miwili ya nywele, na mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho. Magoti yamekataa. Ijumaa ya wiki ile ile ya likizo yetu ng'ombe walikuwa wavishwe maua na kengele kubwa washuke bondeni, na Dorli ahamie fleti ya mjini karibu na binti yake, yenye lifti na zulia la kijivu. Alinipigia simu akasema, "Bethli, njoo tulale kwenye nyasi kavu mara moja tu, tucheke kama zamani. Ile fleti nimeiona. Haina mahali pa kuchekea."

"Nitakuja, dada," nikamwambia.

Mwezi wa tano Köbi alitua penseli. Uso ulikuwa umeng'aa.

"Pasi inalipa," akasema. "Mradi tusitulie."

"Tusitulie vipi?"

"Tusikae mahali. Kila tukikaa, hasara. Tukiwa ndani ya chombo chochote kinachokwenda, faida."

"Na tukitaka kuangalia mlima?"

"Dirisha lipo, Bethli. Limo kwenye bei."

Basi tukaenda. Jumatatu tulipanda mlima wa kwanza kwa treni ya meno, ile inayong'ata reli kwa gurudumu lenye meno, tukafika kileleni, Köbi akagusa ukuta wa kituo kwa kiganja, kama mtoto anayecheza mbio, tukageuka kwa sababu treni ya kushuka ilikuwa imeshafungua milango. Mandhari ya kule nasikia ni mazuri mno. Nilimenya yai la kuchemsha kwenye handaki, nikalila kwenye daraja, na ganda nikalitia kwenye mfuko wangu wa aproni, maana hata likizoni mimi hutembea na aproni ndani ya begi. Tukapanda meli. Tukashuka meli. Tukapanda gari la waya, tukateremka nalo lile lile, na mhudumu akatuuliza kama tumesahau kitu juu.

Nilidhani ni wazimu wa Köbi peke yake. Kumbe behewa zima ni wenzake! Wastaafu watupu, viatu vya kupandia milima safi bila tone la tope, fimbo za kutembelea zikiwa bado na karatasi ya duka. Hakuna aliyetazama nje. Mzee mmoja wa Olten, mwenye kofia ya manyoya, aliinama kwa Köbi akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Mmefika wapi?"

"Tunakaribia," Köbi akasema. "Pengine keshokutwa."

"Sisi imelipa tangu jana, pale kwenye kona ya maporomoko."

"Acha bwana! Hongereni!"

Na watu wakapiga makofi, na mama mmoja akampa mke wa yule mzee kipande cha chokoleti, kama aliyejifungua. Nikamwuliza yule mke, "Sasa imeshalipa, mtapumzika?"

Akanitazama kwa macho mekundu. "Tutapumzikaje, mama? Sasa kila safari ni pesa ya bure. Nani ataacha pesa ya bure?"

Kila jioni nilimwambia Köbi, "Kesho kwa Dorli." Naye kila jioni alijibu, "Kwanza ilipe, mke wangu. Ikishalipa, mimi ni wako." Sikugombana naye. Nimeishi na Köbi miaka mingi, najua ni kama maziwa kwenye jiko la kuni: ukiyasimamia hayachemki, ukigeuka yamemwagika.

Jumatano jioni, meli ikiwa inaingia gatini, pasi ikalipa. Köbi aliibusu. Kisha akafungua ramani atafute njia ya Hinterboden, na hapo nikaona masikio yake yakibadilika rangi.

Kwenye ramani ile njia za pasi ni nyekundu. Kigari cha waya cha Hinterboden hakikuwa chekundu. Kilikuwa kijivu, kistari chembamba kama unywele. Ni mali ya wafugaji wenyewe, sanduku la mbao linaloning'inia kwenye waya. Pasi haikijui, nusu nauli haikijui. Kila mtu faranga nane.

"Kumi na sita kwenda," Köbi akasema polepole. "Kumi na sita kurudi. Bethli, pasi itakuwa haijalipa tena. Hesabu itakuwa imeturudisha Jumanne."

"Nitalipa mimi kwa pesa yangu ya mayai."

"Pesa ya mayai, pesa ya pasi, si nyumba moja? Huwezi kutembea?"

"Kwa nyonga hii? Njia ile hata mbuzi huiulizia hali kwanza." Nikafunga begi langu. "Köbi, kesho mimi napanda kwa dada yangu. Wewe panda unachotaka."

Akajua sitanii, maana nilikunja aproni.

Kituo cha chini cha Hinterboden ni banda moja lenye simu ya ukutani, mizani ya madebe ya maziwa, na ubao wa bei. Mwendeshaji ni Fridolin, jitu la ndevu nyekundu linalovuta kiko kisicho na tumbaku kwa sababu daktari amekataza tumbaku, si kiko. Nilishatoa pochi yangu. Köbi alikuwa anasoma ubao. Yeye husoma bei kama wengine wasomavyo habari za msiba, hadi mwisho na kofia mkononi. Mtu mzima, nane. Ndama, sita. Nguruwe, tano. Mzigo usiozidi kilo mia, mbili. Msindikizaji wa mzigo, bure.

Akageuka, akanitazama kwa upole ambao sijauona tangu enzi za uchumba.

"Bethli, mpenzi. Hivi una kilo ngapi?"

Fridolin akatoa kiko mdomoni. "Mzee, usinitanie. Huyu mama ni mtu."

"Wapi pameandikwa kwamba mzigo ni nini?"

"Hapajaandikwa. Lakini kila mtu anajua!"

"Ubao huu nani kauweka?"

Hapo Fridolin akanywea. Ubao ule ulipigiwa kura na wafugaji wote kwenye mkutano, mikono juu, na kwetu jambo lililopigiwa kura halichezewi. Mtu mmoja hawezi kulipunguza wala kuliongeza, hata likiwa la kijinga. Hasa likiwa la kijinga, maana hilo ndilo lililojadiliwa muda mrefu zaidi. Akampigia simu mwenyekiti, ambaye alikuwa chini ya ng'ombe, tukasikia maziwa yakichururika kwenye ndoo mpaka huku. Mwenyekiti alifikiri. Kisha akasema kwamba kama kitu hakizidi kilo mia, kina kibandiko, na kuna wa kukipokea juu, basi ni mzigo, na asiyeridhika alete hoja kwenye mkutano ujao.

"Haya mama," Fridolin akasema kwa huzuni, "panda mizani."

Ningeweza kukataa. Watu wameniuliza baadaye, hukuona aibu? Lakini juu ya waya ule kulikuwa na Dorli, na kesho yake hatakuwapo. Ningepanda hata kama nguruwe. Nikapanda mizani.

"Sabini na moja," Fridolin akasoma.

"Na bila mayai?" Köbi akauliza.

"Mayai yanabaki," nikasema.

Fridolin akakifunga kibandiko, kikaratasi cha anwani, kwa uzi kwenye kifungo cha koti langu. "Kutoka kwa Köbi. Kwenda kwa Dorli. Yaliyomo?"

"Mke," Köbi akasema.

"Siwezi kuandika mke! Mke ni nane!"

"Andika vyakula," nikawaambia. "Si nina mayai."

Akaandika vyakula. Kisha akanieleza, kwa kuomba radhi, kwamba benchi la ndani ni la watu wazima, mzigo hukaa sakafuni. Na kwamba mzigo hausemi, kwa hiyo anaomba nisimtie matatani. Akaniwekea gunia la chumvi ya ng'ombe la kukalia. Mlango ukafungwa, sanduku likatikisika, tukaondoka ardhini.

Nawaambia, wiki nzima sikuwa na safari tamu kama ile. Nilikuwa nimekaa nimetulia, na Köbi hakuwa na wa kumsomea ratiba. Vilele vya misonobari vilipita chini ya viatu vyangu. Nikaliona ziwa, lote, kwa mara ya kwanza. Kando yake treni nyekundu ilitambaa kama kijidudu, na nikajua ndani yake kuna mtu amevaa kofia ya manyoya anapata faida.

Juu alisimama Dorli mwenyewe, kitambaa cha jibini begani, mikono myekundu ya moto wa sufuria.

"Bethli! Unafanya nini huko chini sakafuni?"

Nikafumba mdomo, nikamwonyesha kibandiko. Akasoma. Akamtazama Köbi. Akasoma tena. Kisha akacheka hadi akashika nguzo, na machozi yakimtoka akatia sahihi.

"Nimepokea," akasema. "Vyakula vimefika salama, ingawa vimezeeka."

"Zeeka wewe!" nikamjibu, maana sasa nilikuwa na ruhusa.

Tukiwa bado tumekumbatiana simu ya ukutani ya huku juu ikalia. Alikuwa Fridolin. Anasikitika sana, lakini msindikizaji ni bure akiwa na mzigo tu. Mzigo ukishapokelewa, mzee akishuka ni mtu mzima, nane.

Köbi, ambaye pasi yake ilikuwa inamngoja chini, akanitazama. "Bethli. Rudi ndani."

"Ati nini?"

"Dakika chache tu. Tunashuka, halafu—"

"We shemeji!" Dorli akadaka. "Huyu ni wangu. Nimetia sahihi. Unataka mzigo, nenda na huu." Akamtolea jibini zima la duara rafuni, akampakatisha. Köbi akapiga hesabu pale pale, midomo ikichezacheza, mbili badala ya nane, akaingia ndani na kushuka ameketi benchini, jibini likiwa sakafuni juu ya gunia la chumvi.

Sisi tulisugua sufuria kubwa. Tulisuka maua ya ng'ombe, tukala mayai. Tulilala kwenye nyasi kavu, Dorli akaigiza uso wa Köbi akisoma ubao, na tulicheka mpaka ng'ombe wakajibu.

Ijumaa nilishuka na msafara, juu ya mkokoteni wa masufuria, kwa barabara ndefu ya ng'ombe inayozunguka mlima, Dorli pembeni yangu akiwa na shada la maua kofiani na macho yamevimba kidogo. Kijijini Köbi alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, jibini kwapani. Alikuwa amepanda kila kilicho chekundu.

"Pasi yako imekaa siku nzima bila kazi," akaniambia akitembea sambamba na gurudumu la mkokoteni.

"Na mimi pia. Sote tulikuwa tumechoka."

Akanyoosha mkono afungue kibandiko kwenye koti langu. Dorli akampiga kofi la vidole.

"Acha hapo! Mpaka ng'ombe wa mwisho apite."

Köbi akageuka nyuma kutazama msafara ule mrefu, na kengele zake zote, akaanza kuhesabu.